Mtama wa Kumrudisha Bibi

Juzi jirani yangu hapa Biharamulo alikuwa anakaanga mtama wa uji wa mtoto, akapigiwa simu, akausahau jikoni. Harufu ilipovuka ukuta na kuingia kwangu, nilikuwa nakunja nguo. Niliziacha kitandani, nikakaa ukingoni nikacheka peke yangu hadi binti yangu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Mtama unapoanza kuungua, kabla haujawa makaa, una harufu moja kali yenye utamu ndani yake. Mimi nikiisikia namwona babu yangu amechuchumaa jikoni, macho yamemwiva kwa moshi, anabishana na chungu.

Ninyi wa rika langu, tuliokaa watatu watatu kwenye dawati moja, mtakumbuka jinsi Kiingereza kilivyotufikia vijijini kwa vipande. Kwetu Murusagamba mwalimu wa Kiingereza wa darasa la sita alikuwa dada mmoja mgeni, mwenye bidii kuliko chaki alizopewa. Siku ya kufunga shule aliandika ubaoni maneno mawili, "break up", akatuambia kwamba hayo mawili yakikaa pamoja yana kazi nyingi kuliko mama wa watoto saba. Shule ikifungwa, ni hayo. Watu wakipigana ukawaamulia, ni hayo. Mkulima akiponda mabonge ya udongo, simu ikikatakata, mume na mke wakiachana, bado ni hayo hayo. Kazi ya likizo ilikuwa sentensi kumi za mambo ambayo kila mmoja wetu angeyaona kwa macho yake mwenyewe, siyo ya kunakili kwa mwenzake.

Mimi nilikuwa mtoto wa kushika jambo na kukimbia nalo. Kwa kuwa mfano wa kwanza ulikuwa shule, na shule haifungwi bila kutangazwa siku ya kufungua, niliamua moyoni kwamba kila kinachoachana duniani kina siku yake ya kufungua. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Niliishi na wazazi wa baba yangu, Babu Laurenti na Bibi Domitila. Wazazi wangu walikuwa huku Biharamulo, baba akiwa fundi seremala, na watoto wanne katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mimi nilipelekwa kwa bibi nilipoachishwa ziwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyenitaka nirudi. Nililala na bibi, nilikula sahani moja na bibi, na mgeni akiuliza mimi ni wa ngapi nilisema ni kitinda mimba. Bibi hakukanusha hata mara moja.

Sasa, likizo ilikuwa imetimiza wiki moja tu ilipotokea habari ya mkungu wa ndizi.

Kwetu kuna ndizi za kupika na ndizi za pombe. Mtu mzima wa kwetu anazitofautisha kwa kuutazama mgomba tu, hata akiwa ng'ambo ya barabara. Bibi alikuwa na mgomba wake wa kupika karibu na mlango wa jiko, ameuegemezea nguzo, anaulinda kwa ajili ya Jumapili ambayo watu wa jumuiya wangesali kwetu na kula. Kila asubuhi aliutazama kabla hajatazama kitu kingine. Ijumaa babu alishika panga lake akaenda kukata ndizi za pombe za kuvundika. Macho yake yalikuwa yameanza kumchezea, jambo ambalo alikuwa hataki hata kulisikia. Alikata mikungu minne ya pombe na ule mmoja wa bibi, akaifukia yote kwenye shimo la kuvundikia, akawasha moto pembeni ili joto liingie, akafunika majani na udongo, akaja kula.

Jumapili asubuhi bibi alitoka na kisu, akakuta kisiki. Alianza kwa kumlaani mwizi. Wana jumuiya wakafika mmoja mmoja na rozari zao, nao wakamlaani. Ni mama mmoja mwenye pua nzuri aliyesema hapa panavunda kitu, tufunue shimo. Walifunua. Mkungu wa bibi ulikuwa juu kabisa, umeshapata joto, umeanza kugeuka njano, hauwezi tena kupikwa.

Hapo babu alikuwa na nafasi ya kusema samahani, na mambo yangekwisha kwa kicheko. Badala yake alichukua ndizi moja, akaisogeza karibu na uso hadi ikagusa kope, akatangaza mbele ya watu ishirini:

"Hii ni ya pombe. Mke wangu hajui ndizi."

Sijui nikueleze vipi wewe ambaye si wa kwetu. Mwambie mwanamke wa pale kwamba hajui kuimba, atacheka. Mwambie hajui kusoma, atakuuliza kwani wewe unajua. Lakini kumwambia hajui ndizi, mbele ya jumuiya, kwenye shamba alilolipalilia miaka arobaini, ni kumvua heshima yote aliyonayo. Bibi akaingia jikoni. Aliwapikia wageni maharage na mihogo, akasali nao hadi mwisho, akaosha vyombo vyote, akajifunga kanga mbili na kuchukua mfuko wake.

"Kuna maharage chunguni," aliniambia. "Kuku usisahau kuwafungia."

Akashuka bondeni, akapanda kilima cha pili, akaingia nyumbani kwa kaka yake, Mzee Venansi. Mimi nilikwenda kuchukua daftari nikaandika sentensi ya nne. Mwalimu baadaye aliisifu kwa sarufi.

Mwanamke wa kwetu akienda kwa kaka zake, harudi kwa miguu yake tu. Mume lazima amfuate na pombe ya ndizi iliyokamuliwa nyumbani kwake, kutoka shamba lake, akae mbele ya shemeji zake, ataje kosa lake kwa kinywa chake, nao wanywe. Asipokwenda, huyo mke amehesabiwa kuachwa. Babu alilijua hilo kuliko mimi, lakini kwa siku nne alikaa kibarazani kama mtu anayesubiri mvua, akila maharage ya jana, akiniambia bibi yako amekwenda kutembea.

Siku ya tano baba alipiga simu. Simu ya babu ilishika mtandao ukiwa umesimama juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na hata hapo mara nyingi ilishika wa Burundi. Nilipanda mimi. Sauti ya baba ilikuja vipande vipande: mama hajarudi, shule ikifunguliwa, nakuja kumchukua, mtoto hawezi kukaa na mzee peke yake. Vipande vile niliviunga vizuri kabisa. Bibi asiporudi kabla ya shule kufunguliwa, mimi nitapelekwa Biharamulo, nyuma ya lile pazia, kwa ndugu ambao niliwajua kwa picha. Nilishuka kichuguuni. Ilikuwa sentensi ya sita, lakini siku hiyo sikuiandika.

Kesho yake nilikwenda kwa bibi bila ruhusa, nikisingizia kumpelekea rozari aliyoisahau. Nilimkuta uani anachambua maharage na wifi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Anakula?"

"Anakula. Bibi, mtafungua lini?"

"Tufungue nini?"

"Ninyi. Mmefunga Jumapili. Mnafungua tarehe ngapi?"

Wifi yake aliweka ungo chini ili acheke vizuri. Bibi hakucheka. Alipepeta maharage yake muda mrefu, kisha akasema, "Kamuulize babu yako. Yeye ndiye mwalimu mkuu."

Nikarudi mbio na ujumbe huo, nikaufikisha kama ulivyo. Babu alinitazama, akatazama kilima cha pili, akakohoa. Jioni ile alikwenda kufunua shimo lake la ndizi.

Nikiri jambo moja: babu alijua kukamua. Hiyo ni kazi ya wanaume kwetu. Alimenya ndizi zilizoiva, akazimimina kwenye mtumbwi wa mti wa kukamulia, akatia nyasi, akazikanda hadi maji yake yakatoka meupe matamu, akachuja. Mkungu wa bibi aliuweka kando, akasema huo utaliwa na mbuzi. Sikumuuliza kwa nini mbuzi apewe ndizi ya pombe. Lakini maji ya ndizi bila mtama hubaki juisi. Unahitaji mtama uliokaangwa na kusagwa ndipo pombe ichachuke, na mtama ni kazi ya mke. Ndipo nilipoona jinsi mila yetu ilivyopangwa na mtu mjanja. Pombe ya kumrudishia mke ilihitaji mkono wa mke yule yule aliyeondoka.

Babu alinituma kwa jirani, Mama Skola, mjane mwenye moyo mzuri. Alinisikiliza akiwa ameshika jembe.

"Mwambie babu yako mtama ninao, na mikono ninayo," alisema. "Lakini nikimkaangia mimi, kesho watasema nimehamia. Akaange mwenyewe."

Akakaanga mwenyewe. Alitumia chungu cha bibi cha maharage, ambacho hakikuwa cha kazi hiyo, akakijaza mtama hadi juu, akachochea moto wa kuchomea tofali. Mtama wa juu ulibaki mbichi, wa chini ukageuka makaa. Alipoona moshi alikoroga kwa kijiti, kijiti kikashika moto. Mama Skola alikuja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Babu alimshukuru kwa heshima, akasema hivyo ndivyo wanaume wanavyokaanga. Kisha akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, akasaga kuelekea tumboni, nusu ya unga ikaingia kwenye suruali.

Tuliutia hivyo hivyo, tukafunika kwa majani ya mgomba, tukasubiri siku mbili. Babu alichota kwa kikombe, akaonja, akafumba macho.

"Ikoje?" niliuliza.

"Tamu," alisema kwa huzuni.

Watoto wa Mama Skola waliinywa yote wakaenda kucheza mpira. Sisi tulibaki na mtumbwi mtupu, mikungu miwili iliyobaki shimoni, na siku nane kabla ya shule kufunguliwa. Usiku ule nililia kimyakimya kwenye kitanda cha bibi, nikiogopa pazia la Biharamulo.

Asubuhi babu aliniita.

"Nenda ukaokote kuni."

Kuni zetu zilifika darini. Nilimwonyesha.

"Hizo ni mbichi," alisema. "Kule ng'ambo ya bonde, upande wa kwa Venansi, kuna kavu. Na uchukue huu mfuko."

"Mfuko wa kuwekea kuni, babu?"

"Wa kuwekea chochote."

Nilimhurumia sana. Nilidhani uzee umempanda kichwani kwa sababu ya huzuni, na nikafurahi kwamba nimepata kisingizio cha kumfikia bibi bila yeye kujua. Nilivuka bonde mbio. Bibi alinikalisha jikoni kwa wifi yake, nikamweleza mambo yote kuanzia chungu hadi mpira.

"Aliukaanga hadi wapi?"

"Hadi Mama Skola akaja na ndoo."

Bibi alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Nilianza kumbembeleza, nikamwambia asilie. Alipofunua uso nilikuta hakuwa analia hata kidogo. Kisha akasukuma kigoda, na safari hii alikuwa amekasirika kweli.

"Hiyo ndiyo atakuja kuwapa kaka zangu? Watasema miaka yote hii nimekaa kwa mtu asiye na pombe."

Akainuka. Aliomba mtama kwa wifi yake, akachukua chungu kipana, akaweka moto mdogo. Alikaanga kidogo kidogo, akigeuza bila kuacha, anausikiliza zaidi ya kuutazama. Rangi ilipokuwa ya kahawia iliyoiva na ile harufu kali ikapanda, aliutoa papo hapo. Akausaga, akaufunga, akautia kwenye mfuko wangu wa kuni.

"Babu yako asijue. Mwambie ni ule ule wake, wewe umeuchekecha tu."

"Sawa, bibi."

"Apa."

Niliapa kwa rozari yake. Nilirudi kwetu bila kijiti hata kimoja cha kuni, nikampa babu unga nikasema nimeuchekecha ule wake. Alitia kidole, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Kumbe nilikaanga vizuri," alisema.

Maskini babu, niliwaza, hata pua nayo imeshakufa.

Babu alikamua ile mikungu miwili, tukatia unga, na pombe ikachachuka kwa siku moja na nusu, ikatoa povu, ikawa inanguruma ukiisogelea. Jumamosi babu alivaa koti lake la kanisani, akafunga dumu la njano kwenye baiskeli, akaikokota mwenyewe kupita bondeni. Mimi nilibeba kibuyu kidogo cha kuonjea. Mzee Venansi na mdogo wake walikuwa wamekaa uani, wameshajua, wamevaa nyuso za mahakama. Wanawake walikuwa ndani, mlango umeachwa wazi kiasi cha kusikia. Babu alisalimu, akaweka dumu, akakaa kwenye kigoda kifupi wanachompa mkosaji.

Mzee Venansi alijaza kibuyu, akaonja. Akampa mdogo wake, naye akaonja. Wakatazamana.

"Shemeji," alisema Mzee Venansi, "mtama huu amekaanga nani?"

"Mimi."

"Wewe."

"Mimi mwenyewe. Muulize mtoto."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeapa kwa rozari, na sasa nilitakiwa kusema uongo mbele ya wazee. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, nikavikuta vyote kumi.

Mzee Venansi hakunisubiri. "Mama yetu ndiye aliyekuwa anakaanga hivi," alisema, "na alimfundisha binti mmoja tu. Laurenti, huyu dada yetu alisharudi kwako kabla hujaja kumwomba. Sasa mimi naketi hapa kuamua nini?"

Kicheko kilianzia ndani kwa wanawake kikatoka nje. Mdogo wake Venansi alichukua kibuyu akakijaza tena, akiona kesi imekwisha. Babu naye alianza kutabasamu. Lakini sauti ya bibi ikatoka mlangoni, ya taratibu.

"Pombe nimeisikia. Neno bado."

Babu alivua kofia, akaizungusha mikononi. Nilimtazama nikijua kwamba kila kitu changu, kitanda, sahani, kilima, kipo mdomoni mwake, na nilijua pia jinsi mdomo ule ulivyokuwa mgumu. Aliizungusha kofia mara ya pili.

"Ile ndizi ilikuwa ya kupika," alisema.

"Sisi ni wazee, hatujasikia," alisema Mzee Venansi.

"Ilikuwa ya kupika. Domitila anajua ndizi. Mimi ndiye sizioni." Akaikunja kofia. "Macho yangu yamekwisha. Sikutaka watu wajue."

Hakuna aliyecheka. Mzee Venansi alimwondoa kwenye kile kigoda, akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Bibi akatoka. Mfuko wake ulikuwa umefungwa tayari, na kwa jinsi fundo lilivyobanwa, haukufungwa siku ile.

Tulirudi jua likiwa bado juu. Bibi alitangulia, babu akafuata na baiskeli, mimi nyuma. Nilijua sitakwenda Biharamulo, na furaha ilinijaa hadi ikaniamsha dhamiri. Nilimkaribia babu nikamnong'oneza kwamba nilimdanganya, kwamba ule mtama sikuuchekecha, ulikuwa wa bibi.

"Unadhani miaka arobaini nimekunywa mtama wa nani?" alisema babu, wala hakushusha sauti.

"Na wewe, mzee," bibi alimwambia huko mbele bila kugeuka, "unadhani nani huwa anamtuma mtoto kuokota kuni kwa Venansi, ambako hata wenyeji wanapikia mabua?"

Nilisimama katikati ya njia. Nilikuwa nimejiona jasiri, mjanja, mwokozi wa nyumba nzima. Kumbe wale wazee wawili hawakuwa wameacha kuzungumza hata siku moja, ila walikuwa wananitumia mimi. Nilikasirika kweli kweli. Nilitaka waone nilivyokasirika, lakini hakuna aliyenisubiri.

"Jiwe," bibi alisema kule mbele, na babu akainua baiskeli. "Shimo, mkono wa kushoto." Babu akalikwepa. Nikakimbia kuwafuata.